Mhola ya Tatu

Fomu ya makabidhiano ya ofisi ina mistari minne mwishoni, imeandikwa "Mengineyo". Nimewakabidhi msumeno mmoja wa umeme wa kukatia plasta, misumeno miwili ya mkono, mikasi mitatu, koleo moja la kupanulia, mabeseni mawili, na stuli ambayo mguu wake mmoja niliufunga hogo, yaani plasta ngumu, mwenyewe na haujalegea mpaka leo. Vyote vilienea kwenye fomu. Haya mengine hayakuenea kwenye mistari minne, ndiyo maana nawaandikia pembeni, ninyi vijana wawili mnaobaki na chumba cha plasta.

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani. Nashukuru. Sina tena pa kuwahi, lakini sasa najua nachelewa kwa kiasi gani. Mshereheshaji akaniuliza mbele ya watu, je, kazi ilikuwaje kwa miaka yote hiyo? Nikasema "salama", watu wakapiga makofi, pilau ikaletwa. Jibu lile ndilo lililonikosesha raha. Pilau yenyewe ilikuwa nzuri.

Nilifika Bariadi nikitokea Lushoto, wakati huo huku bado kunaitwa Mkoa wa Shinyanga. Mimi nimezaliwa mahali ambapo ukidondosha chungwa unalifuata kwa jirani wa bondeni. Hapa ukidondosha chungwa linakaa pale pale linakutazama. Wiki ya kwanza nilikuwa natembea kama mtu aliyeshuka ngazi akakuta moja imepungua. Lugha ndiyo ilikuwa tabu zaidi. Nilidhani Kiswahili kinatosha, kwa kuwa serikali ilishaniambia kinatosha.

Chumba cha plasta kilikuwa cha Mzee Nkwabi, mtu wa Mwanhuzi, mrefu, mwenye vidole vilivyopauka kwa plasta ya miaka mingi. Hakunipa mkataba wala maelezo. Aliniwekea beseni la maji mbele yangu akasema, "Tia mkono." Nikatia. "Yakoje?" Nikasema ya moto kidogo. Akayamwaga, akaleta mengine. Tuliendelea hivyo mpaka nikasema yako kama maji ya kumwogeshea mtoto mchanga. "Hayo," akasema. "Yakizidi moto, plasta inakauka kabla hujamaliza na inamuunguza mtu. Yakiwa baridi, utakaa hapo mpaka kesho. Plasta haina samahani." Hilo ndilo lilikuwa somo la asubuhi.

Somo la pili lilikuja na mgonjwa wa kwanza. Aliingia mzee mmoja anajikokota na fimbo, amevaa koti la mvua wakati wa kiangazi. Nikamuuliza kwa adabu zote za kwetu, "Shikamoo mzee. Una tatizo gani?" Akanijibu, "Mhola." Neno hilo nilishalijua tangu stendi, maana yake salama, amani. Nikamgeukia Mzee Nkwabi nikamwambia huyu hana tatizo.

Mzee Nkwabi alicheka bila kutoa sauti, mabega tu ndiyo yakicheza. Akasimama, akamshika yule mzee mkono, na hakuuachia. "Mwangaluka, baba," akampa salamu ya asubuhi. Mzee akajibu, mwangaluka. "Mhola?" Mhola. "Kaya mhola?" Mhola. "Ng'ombe nao mhola?" Mzee akavuta pumzi. "Mhola duhu," akasema, salama tu, "ila huu mguu." Mguu ulikuwa umevunjika chini ya goti, siku ya nne hiyo, na mfupa ulikuwa karibu kutoka nje kuja kusalimia wenyewe.

"Sikiliza," Mzee Nkwabi aliniambia baadaye huku tukinawa. "Msukuma hakutupii shida yake usoni kama hajamaliza kukusalimia. Huko ni kukosa malezi. Mhola ya kwanza ni ya Mungu. Ya pili ni ya nyumbani kwake. Ya tatu ndiyo ya kwake, na ndiyo inayokuja na 'ila'. Sisi huku tunatibu 'ila'. Kama huna subira ya kuingoja, rudi kwenu ukalime matunda."

Nikamuuliza, na kule kushika mkono muda wote, nako ni malezi? Akaniambia hiyo ni kazi. "Mkono wa moto mkavu, huyo ana muda, mfunge plasta yake taratibu. Mkono wa baridi na una jasho, huyo damu inakwenda mahali usipopaona. Weka plasta chini, kamwite daktari, tena kimbia." Aliniambia hivyo mara moja tu. Alikuwa mtu wa kusema mara moja na kusalimia mara tatu.

Miaka iliyofuata siwezi kuwaandikia yote. Tulivuta miguu ya watu kwa mawe, kwa sababu vyuma vya uzito vilikuwa vimeagizwa na viliendelea kuwa vimeagizwa. Jiwe tulilipima kwenye mizani ya duka la jirani, na mwenye duka akawa anauliza hali za wagonjwa wake. Kuna bwana mmoja wa Nyashimo nilimfunga hogo la mguu mzima, akarudi wiki ya tatu hana. Nikamuuliza liko wapi. Akasema alilikata kwa panga, palikuwa na harusi. Kuna mama alinishika shati nilipowasha msumeno wa umeme, akasema kama ni kukatwa basi akatwe na ndugu zake. Msumeno ule haukati nyama, unatetemeka tu, kwa hiyo kila mara nilianza kwa kujikata kiganja changu mbele ya mgonjwa. Fanyeni hivyo. Na hakikisheni ni ule wa umeme.

Waganga wa mifupa wa vijijini msiwadharau. Wapo waliotuharibia miguu, na ipo tuliyoiharibu sisi. Lakini nilipoanza kuwauliza wagonjwa kwa nini walianzia kule, walinijibu jambo moja: kule wanatusalimia.

Halafu zikaja bodaboda. Kabla yake nilikuwa na saa ya chai.

Sasa nifike kwa Mzee Maduhu, kwa sababu bila yeye nisingewaandikia.

Alikuwa mkulima wa pamba, ng'ambo ya Dutwa, mtu mfupi mwenye sauti kubwa. Mara ya kwanza aliletwa juu ya mkokoteni uliomvunja, kwa kuwa ndio usafiri uliokuwepo. Paja lilikuwa limekatika. Nilimshika mkono, nikamwuliza mhola ya kwanza, ya pili, na mtoto wake wa kiume, Jilala, akawa ananitazama kama anayemtazama mwendawazimu, paja la baba yake limejipinda vile nami nauliza habari za ng'ombe. Ilipofika ya tatu mzee akasema, "Mhola duhu, ila paja." Halafu akamwambia Jilala, "Umemwona huyu? Huyu ana wazazi."

Alihitaji damu. Siku ile walikuja ndugu zake kumi na wawili, wamejipanga kwenye korido wamekunja mikono ya mashati, mpaka mtu wa maabara akaomba wapungue maana chupa zilikuwa zinamwishia. Alilala na jiwe la jirani likivuta mguu wake wiki nyingi. Mke wake, Mayu Limi, yaani Mama Limi, alimuuguza muda wote huo, anapika nje, anarudi na sufuria, anamfokea kwa sauti ya chini. Mzee alipotoka, mguu ulikuwa umepungua kidogo. Kuchechemea kule alikuita "alama yako".

Tangu hapo, kila mwaka akishauza pamba, alikuja kunisalimia. Analeta mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa juani, ambavyo mke wangu hakuvielewa kwa miaka miwili na baadaye akawa anaulizia tarehe. Tunashikana mikono mlangoni mwa chumba cha plasta. Mhola, mhola, mhola duhu. Nami hungoja. Naye husema, "Ila leo sina ila. Nimekuja kukuona." Tunacheka, anaondoka. Nilimpenda mzee yule. Naona niliseme hilo kwa sababu katika kazi yetu hakuna mahali pa kuliandika.

Ukaja mwaka wa corona.

Nchi yetu haikufungia watu ndani kama tulivyokuwa tunaona kwenye taarifa ya habari huko kwa wenzetu. Shule zilifungwa, mikusanyiko ikapunguzwa, watu wakajifukiza chini ya mablanketi mpaka tukapokea walioungua na mvuke. Lakini hospitali ilijifungia yenyewe, kidogo kidogo, kama duka linalopunguza bidhaa. Kliniki ya mifupa ilisimamishwa. Upasuaji usio wa dharura ukasogezwa mbele, na mbele yenyewe haikuandikwa tarehe. Vyumba vya upasuaji vilikuwa viwili, kimoja kikatengwa kusubiri wagonjwa wa corona wenye kuhitaji kisu, kikasubiri. Mgonjwa aliruhusiwa ndugu mmoja tu. Huku kwetu, ndugu mmoja ni sawa na kusema hakuja mtu.

Na watu wakaacha kuja. Bodaboda zilianguka kama kawaida, watoto walioachishwa shule walianguka kwenye miti na mikokoteni kuliko kawaida, lakini walibaki nyumbani na mifupa yao, kwa sababu habari ilikuwa imeenea kwamba ukifika hospitali na mkono uliovunjika unapelekwa karantini unarudi kwenye sanduku. Waliokuja walikuja wamechelewa. Nilifunga mahogo machache miezi ile kuliko mwaka wangu wa kwanza, na mifupa mingi ilikuwa imeshajiunga inavyojua yenyewe.

Mtu asiye na kazi huonekana. Matroni akaniona, akanipeleka getini.

Pale palikuwa na meza, ndoo ya maji tiririka, kipimajoto cha bunduki na fomu. Kipimajoto kile ukimwelekezea mtu kwenye paji la uso, wengine walinyoosha mikono juu. Fomu ilikuwa na maswali manne. Joto? Unakohoa? Umesafiri nje ya mkoa? Una tatizo lolote lingine? Jibu ni ndiyo au hapana. Tulielekezwa mita mbili, kusiwe na kushikana mikono, na mtu mmoja asizidi dakika moja. Kila aliyetoka mkoa mwingine aliisifu fomu ile kwa ufupi wake. Mimi nilitoka mkoa mwingine.

Salamu ya mikono ikawa ya miguu, mnagonganisha viatu. Mwanzoni wazee walidhani nawapiga teke.

Asubuhi moja msimu wa pamba, foleni imefika barabarani, nikamwona Mzee Maduhu. Nilimjua toka mbali kwa ile alama yangu. Amevaa barakoa ya kitenge, nadhani ya mkewe. Nilifurahi. Naye alifurahi, akatoa mkono. Mimi nikaweka wangu mgongoni, kama nilivyoelekezwa, nikamnyooshea kiatu. Akautazama mkono wake, akaurudisha, akagonga kiatu changu taratibu.

"Mwangaluka, baba. Mhola?"

"Mhola."

Nikampima. Thelathini na tano na kidogo. Fomu ilitaka tuogope joto la juu, la chini haikusema kitu, nikamwambia, "Safi kabisa." Unakohoa? Hapana. Umesafiri? Hapana.

"Nyumbani mhola?"

"Mhola."

Nyuma yake kulikuwa na mama mwenye mtoto anayelia, na nyuma ya mama watu wengine wengi. Matroni alikuwa amesimama ofisini kwake, dirisha wazi. Mzee Maduhu akasema kwa sauti ambayo haikuwa kubwa kama siku zote, "Nimekuja kukuona wewe."

Nami nikacheka. Nikamwambia, "Mzee wangu, mwaka huu hakuna kusalimiana. Wageni hawaruhusiwi. Nenda nyumbani kapumzike, corona ikiisha tutaonana." Nikaandika kwenye fomu: hakuna, hapana, hapana, na penye swali la nne, mgeni, amerudishwa. Nikamwita yule mama mwenye mtoto.

Mkononi hakuwa na mfuko wa michembe. Hilo nililikumbuka baadaye.

Hakubishana. Watu wa aina yake hawabishani getini. Alikwenda akakaa kwenye ukingo wa mtaro ng'ambo ya barabara, na mimi nikaendelea na watu, dakika moja moja. Siku ile kazi ilikwenda vizuri. Saa mbili baadaye alikuja mama anayeuza uji pale nje, amejifunga khanga puani.

"Dokta," akaniambia, "yule mzee wako amelala kwenye mtaro. Jua hili lote na anasema anasikia baridi."

Nilikwenda bila barakoa, ilibaki mezani. Nikapiga magoti, nikamshika mkono. Ulikuwa baridi, umelowa, kama samaki aliyetolewa kwenye ndoo. Wala sikuhitaji kipimo kingine. Lakini mdomo wangu ulishazoea, ukauliza wenyewe, "Mhola, baba?"

"Mhola duhu," akasema, macho amefumba. "Ila hili bega."

Bega lilikuwa la kushoto na halikuwa na kitu. Daktari wa zamu, Daktari Eliya, kijana mwenye akili kuliko umri wake, alimkuta ameshalazwa kwenye machela, akamuuliza kama alianguka. Mzee akasema juzi yake gunia la pamba lilimteremkia ubavuni wakati wa kupakia mkokoteni, upande wa kushoto, ila ubavu haukumuuma sana, bega ndilo lilianza jana. Daktari akaweka kipimo cha ultrasaundi tumboni. Akanionyesha, kuzunguka kila kitu kulikuwa kweusi. "Bandama," akasema. "Imepasuka. Damu ikijaa juu huko, maumivu yanatokea begani." Mtu anaumia tumboni, bega ndilo linalopiga kelele. Lishikeni hilo. Ukiletewa bega la kushoto lisilo na kosa lolote, usilikande, uliza kuhusu tumbo.

Chumba cha upasuaji kilichobaki kilikuwa na mama anayejifungua kwa kisu. Mtaalamu wa nusukaputi wa pili alikuwa karantini nyumbani kwake, anakohoa vumbi la pamba, kama ilivyokuja kujulikana. Tukangoja. Benki ya damu ilikuwa na chupa mbili, zote si za kundi lake. Damu yetu nyingi siku zote hutoka sekondari, tunakwenda na biskuti na soda tunarudi na damu, na sekondari zilikuwa zimefungwa. Jilala, ndiye ndugu mmoja aliyeruhusiwa, akatoa ya kwake. Ikaingia yote. Akauliza kama anaweza kutoa tena. Mtu wa maabara akamwambia hapana.

Jilala akapiga simu Dutwa. Walikuja wamejaa kwenye pikapu ya kubebea pamba, wale wale wa mwaka ule na wengine waliokuwa watoto wakati ule, wamekunja mikono ya mashati toka kwenye gari. Walifika getini. Getini kulikuwa na kijana aliyeshika nafasi yangu, nami ndiye niliyemfundisha fomu asubuhi ile. Aliwapanga mita mbili mbili. Akawanawisha. Akawapima mmoja mmoja. Akawaambia mgonjwa anaruhusiwa ndugu mmoja tu, na yumo ndani tayari. Hakukosea hata kitu kimoja.

Nilipotoka kuwachukua, bado alikuwa anawauliza kama wamesafiri nje ya mkoa. Niliwaingiza kwa mlango wa nyuma wa jikoni. Chumba kilikuwa kimeshapatikana, na Daktari Eliya ameshaitoa bandama na ameshafunga mshipa. Alifanya kazi safi, niliiona. Kilichokosekana ni damu, na ile ya Dutwa ilikuwa ndiyo inaanza kuingia kwenye chupa ya kwanza wakati walipozima mashine. Ilikuwa saa tisa alasiri.

Kwenye faili iliandikwa kwamba mgonjwa alichelewa kufika hospitali. Daktari Eliya aliandika alichokijua, hakuwepo getini. Kwenye kikao mtu mmoja alitikisa kichwa akasema, "Mficha maradhi kifo humuumbua." Wote tukaitikia, mimi pia. Fomu ya getini ilikuwa kwenye faili lake ndani ya kabati la chuma, mwandiko wangu: mgeni, amerudishwa. Hakuna aliyeifungua. Saa zile mbili kwenye mtaro hazikuwa mahali popote ila kwangu. Niliona aibu, na niliinyamazia. Nikawa nafanya kazi, nakula, nalala, ukiniuliza nakwambia salama.

Shule zilifunguliwa, kliniki ikafunguliwa, meza ya getini ikawa ya mlinzi kuwekea redio. Nikarudishiwa chumba changu na mifupa iliyojiunga vibaya, mingine tukaivunja upya. Watu wakaanza tena kushikana mikono. Kila aliyenipa mkono nilimpa wangu, na kila mara niliukumbuka ule alioutazama akaurudisha. Msimu wa pamba wa mwaka uliofuata ulipofika, nikajikuta naangalia mlango. Ndipo nikaomba ruhusa ya siku moja, nikanunua sukari kilo mbili na kitenge, nikapanda basi la Dutwa.

Mayu Limi alikuwa uani, anaanika viazi. Alikuwa amepungua. Aliponiona aliinuka, akajifuta mkono kwenye khanga, akanipa.

"Mwadila, mayu," nikasema, salamu ya mchana.

"Mwadila, ng'wanawane," akanijibu, yaani mwanangu. "Mhola?"

"Mhola."

"Mama watoto, nyumbani, mhola?"

"Mhola."

"Na kazi?"

"Mhola duhu," nikasema.

Alikuwa bado amenishika mkono. Hakuuachia. Kuku walipita, jirani akapita, akatusalimia, akajibiwa. Alikuwa ameishi katika mila ile maisha yake yote, kuingoja ila haikuwa kazi kwake.

"Sema," akaniambia. "Sema hiyo ila yako."

Nikasema. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, fomu, kiatu, joto la thelathini na tano, maneno niliyomwambia mume wake, mtaro, saa mbili. Nikamwambia hakuchelewa kufika, alifika mapema, mimi ndiye niliyemrudisha. Yeye alisikiliza anaangalia viazi vyake.

"Mkono wake ulikuwa baridi toka asubuhi," akasema alipoona nimemaliza. "Mimi ndiye niliyemfunga barakoa. Nikamwambia ukifika useme haraka, usianze adabu zako, watu wako kwenye mambo ya corona hawana nafasi. Akanicheka. Akaniambia, 'Nakwenda kwa yule wa hogo. Yule huuliza mara tatu.'"

Akauachia mkono wangu, akaingia ndani kunifungia michembe.